Mama Kevina: Mzee Asiyechoka Kuomba kwa Ajili ya Wengine

Somo la juma hili
Andiko la kusoma nyumbani: Matendo ya Mitume 9:36–42



Hapa Doha tuko wengi wenye nguvu za kufanya kazi, na wazee ni wachache. Wazee wetu tumewaacha nyumbani, na sauti zao hutufikia kwa simu. Mara nyingi hutufikia zikiomba: karo ya yatima, dawa ya jirani, bati za kanisa. Tuseme kweli, wapo kati yetu wanaoiona simu ya mzee ikiita wakaiacha iite. Basi tujifunze kwa mzee mmoja aliyeomba kwa ajili ya wengine mpaka siku zake za mwisho.

Alikuwa nani?

Teresa Kearney alizaliwa mwaka 1875 huko Wicklow, Ireland. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 10, akalelewa na bibi yake. Alipoingia utawa aliitwa Kevin. Januari 1903 alikuwa mmoja wa masista 6 waliofika Uganda, wakaanza kutibu wagonjwa chini ya mwembe pale Nsambya, Kampala. Wenyeji wakamwita Mama Kevina.

Tunajifunza nini kwake?

1. Aliomba watu, si fedha tu. Alijua kwamba mikono miwili haitoshi. Alimpata daktari mlei, Evelyn Connolly, na mwaka 1921 mafunzo ya wauguzi na wakunga yakaanza Nsambya. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, huko Nkokonjeru. Hivyo wasichana wa Uganda wakawa wahudumu wenyewe, wala hawakubaki wakihudumiwa. Leo shirika hilo linahudumu pia Kenya na Tanzania. Anayeomba vizuri huacha nyuma yake watu wanaoweza kuendelea bila yeye.

2. Hakuchagua wa kumsemea. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi Waafrika wa jeshi la Uingereza walitendewa vibaya mno. Hao ndio wa kikosi kilichotupatia jina la Kariakoo. Mama Kevina aliwauguza Nsambya. Miaka ya 1930 alifungua vituo vya wagonjwa wa ukoma huko Nyenga na Buluba, wakati watu wengi waliogopa hata kuwakaribia. Aliwaombea wale ambao wao wenyewe wasingesikilizwa.

3. Uzee haukumnyamazisha. Mwaka 1955, akiwa na miaka 80, aliacha uongozi wa shirika akapelekwa Boston, Marekani, kusimamia nyumba ya masista. Angeweza kupumzika. Badala yake aliendelea kutafuta misaada kwa ajili ya Afrika. Alikuwa ugenini, mbali na watu aliowapenda, kama tulivyo sisi. Alifariki huko Oktoba 1957. Waumini wa Uganda waliomba mwili wake urudishwe, na Desemba mwaka huo akazikwa Nkokonjeru. Tukisoma habari za Tabitha, tunawaona wajane wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea. Watu hudai wao ni nani kwa yule aliyewapenda.

Na sisi hapa Doha?

Tuwe waangalifu. Qatar ina mamlaka ya kusimamia shughuli za hisani tangu mwaka 2014, na kukusanya michango ya hadhara bila kibali ni kosa. Mwenye moyo wa kusaidia asipitishe bakuli kambini wala asitangaze namba ya akaunti kwenye makundi ya simu. Aanze kwa kuwauliza viongozi wa kanisa njia iliyo halali.

Lakini hakuna sheria inayotukataza kumwomba ndugu muda wake. Tunaweza kuombana kumtembelea mgonjwa hospitalini, kumfundisha mgeni kusoma mkataba wake, au kumsikiliza dada wa kazi za ndani asiye na wa kuongea naye. Hata wale ambao mshahara umewaishia tarehe 10 wanayo hayo ya kutoa.

Na simu ya mzee ikiita, tuipokee. Kama hatuna, tumwambie kwa heshima kwamba mwezi huu hatuna, kisha tumuulize anayehitaji ni nani, na nani mwingine anaweza kusaidia. Mzee anayeombea wengine hatuongezei mzigo. Anatupa nafasi katika kazi ambayo hataki kuifanya peke yake.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni mzee gani aliyekufundisha kutoa? Alikuomba kitu gani cha kwanza?
2. Ni nani kati yetu hapa Doha asiye na mtu wa kumsemea?
3. Juma hili utamwomba nani, na kwa ajili ya nani?

Bwana awatie nguvu wazee wetu, atupe na sisi masikio ya kusikia. Amina.