Kubadilisha Kioo cha Geimu ya Mkononi: Anza na Swali "Cha Nini?"

Leo tunashika bisibisi.

Baadhi yenu mmeshajitengenezea geimu ya mkononi: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero, programu ya RetroPie kwenye memori kadi, betri ya lithiamu, vitufe na boksi la plastiki. Inawaka, inacheza, ila kioo kinasumbua. Picha ina ukungu, na ukitoka nayo pale Kibirizi jua la ziwani linaifuta kabisa. Unataka kioo kipya. Sawa. Lakini vioo vya aina hii mara nyingi huagizwa, na kutoka Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Ukichagua vibaya au ukikipasua, hela imekwenda na kusubiri kunaanza upya. Kwa hiyo tufikiri kwanza, tulehemu baadaye.

1. Kitu hujulikana kwa kazi yake

Aristotle alifundisha kwamba hujakielewa kitu mpaka ujue ni cha nini. Wavuvi wetu wa dagaa wanalijua hilo bila kusoma falsafa. Waliotoka kwenye karabai wakahamia taa za LED hawakuuliza tu taa ipi inawaka zaidi. Waliuliza: itavuta dagaa? Itadumu usiku kucha? Itanigharimu kiasi gani?

Historia ya geimu ina mfano huohuo. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144, hakikuwa na rangi wala taa ya nyuma. Mwaka uliofuata Sega ikatoa Game Gear yenye rangi na taa. Kwa macho, Game Gear ilishinda mbali. Ila ilikula betri sita kwa saa chache tu, wakati Game Boy ilitumia nne na kudumu muda mrefu zaidi. Watu wakainunua Game Boy. Gunpei Yokoi, aliyeongoza kazi ya kuiunda, aliamini katika teknolojia ya kawaida, ya bei nafuu, iliyokwisha kuzoeleka, mradi itumike kwa akili.

2. Vioo vya kuchagua

*Kioo cha kamera ya rivasi ya gari.* Wengi huanzia hapa kwa sababu ni rahisi. Kinapokea picha kwa ule waya wa njano kama wa deki. Waya mmoja unabeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, ndiyo maana maandishi madogo hayasomeki. Tena vingi vimetengenezwa kwa volti 12 za gari, wakati betri yako ni volti 3.7.

*Kioo kidogo cha SPI.* Nyaya chache, bei nafuu, ila njia yake ni nyembamba. Tupige hesabu. Nukta 320 kwa 240 ni 76,800. Kila nukta biti 16, basi picha moja ni biti 1,228,800. Njia ikipitisha biti milioni 32 kwa sekunde, unapata picha 26 hivi, wakati geimu nyingi za zamani zinahitaji karibu 60. Zipo programu zinazotuma nukta zilizobadilika tu, na hapo hali inakuwa nafuu.

*Kioo cha DPI.* Hapa nukta zinapita kwenye nyaya nyingi kwa pamoja, picha inateleza vizuri. Gharama yake ni pini. Raspberry Pi ina pini 28 za kazi. Rangi za biti 18 pamoja na nyaya nne za kuongoza picha zinachukua 22. Zinabaki sita, na vitufe vyako ni zaidi ya sita! Itabidi vitufe vipitie kibodi kidogo cha USB.

*Kioo cha HDMI.* Picha safi, kazi rahisi. Ila kinahitaji bodi yake ya kutafsiri picha, nayo inachukua nafasi na umeme.

3. Namba kubwa si lazima iwe bora

Linganisha kioo na geimu unazocheza. Picha ya Game Boy ukiizidisha mara mbili ni 320 kwa 288. Haiingii kwenye kioo cha 320 kwa 240. Utaiacha ndogo katikati, au utaivuta mpaka nukta zipindepinde. Kwenye kioo cha 640 kwa 480 unaizidisha mara tatu, inakuwa 480 kwa 432, inakaa vizuri. Geimu za NES, 256 kwa 240, mara mbili yake ni 512 kwa 480: zinajaa sawasawa juu na chini.

Kisha umeme. Betri ya volti 3.7 yenye mAh 2,000 ina wati-saa 7.4. Tuseme geimu yako inakula wati 2: ni saa 3 na dakika 40 hivi. Kioo kipya kikiongeza nusu wati, unabaki na chini ya saa 3. Je, umeridhia?

4. Siku ya kazi

- Toa betri kwanza. Betri ya lithiamu ikitobolewa au nyaya zake zikigusana inaweza kushika moto.
- Piga picha nyaya zote kabla ya kufungua chochote.
- Pima volti kwa mita. Pini za Raspberry Pi zinavumilia 3.3 tu, ukizipelekea 5 umeua kompyuta.
- Nakili faili la config.txt pembeni kabla ya kulibadilisha, kwa sababu humo ndimo kioo kinapotambulishwa.
- Usikunje kwa nguvu utepe mwembamba wa kioo.
- Jaribu kila kitu mezani. Gundi ni ya mwisho kabisa.

5. Na wewe je, ni wa nini?

Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda kompyuta na geimu. Inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu ya kucheza kwa wiki. Hakuichukia geimu, aliijua nafasi yake. Ujuzi wa kulehemu, kupima na kusoma mchoro utakufaa hata geimu ikizimwa. Mikono iliyobadilisha kioo hiki inaweza kesho kutengeneza redio ya bibi au taa ya sola ya jirani pale Ujiji.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kioo cha 320 kwa 240 kinafaa geimu ya nukta 240 kwa 160? Pigeni hesabu.
2. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, utaanza na kioo au betri? Toa sababu.
3. Ni kitu gani kingine ulichokitamani kwa sababu ya namba zake, bila kuuliza ni cha nini?

Kazi njema. Tuonane somo lijalo.