Serikali na Wananchi katika Mitandao ya Kijamii

SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA WA VYAMA

Madhumuni ya somo

Katika miaka ya karibuni ofisi nyingi za serikali, kuanzia wizara hadi kata, zimefungua kurasa katika Facebook, Instagram na X (ambayo hadi mwaka 2023 iliitwa Twitter), pamoja na makundi ya WhatsApp. Matangazo ya pembejeo, ya chanjo ya mifugo na ya siku za minada, ambayo zamani yalibandikwa ukutani au kusomwa redioni tu, sasa aghalabu humfikia mkulima kwanza kwa simu ya mkononi.

Somo hili lina shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza jinsi serikali inavyoweza kuitumia mitandao hiyo ili kusema na wananchi na kuwasikiliza. Ya pili ni kumwezesha katibu na mwanachama kupima kama ukurasa anaousoma unamsikiliza kweli, au unamtangazia tu.

1. Ubao wa matangazo na mkutano mkuu

Kila mwanachama anaifahamu tofauti iliyopo baina ya vitu hivi viwili. Ubao wa matangazo husema, lakini hausikii. Mtu aweza kusimama mbele yake kutwa nzima akiuliza, asijibiwe neno. Mkutano mkuu ni kitu kingine. Mwanachama hunyanyua mkono, husema hoja yake, na katibu huiandika katika kitabu cha kumbukumbu. Zaidi ya hayo, mkutano unaofuata hauanzi mambo mapya kabla ya kupitia yatokanayo na mkutano uliopita. Hapo ndipo halmashauri inapolazimika kueleza: jambo hili limetekelezwa, lile limekwama kwa sababu hii, na lile jingine limekataliwa kwa sababu ile.

Yatokanayo ndiyo roho ya mkutano. Chama kinachowaacha wanachama waseme, kisha kisiwaeleze yaliyofuata, hakikawii kuona viti vitupu. Mitandao ya kijamii nayo ina tabia hiyo hiyo. Serikali inayofungua ukurasa na kupokea maswali elfu moja bila kujibu hata moja imetundika ubao mkubwa zaidi, basi. Tena ubao huo una hatari ambayo ule wa ukutani hauna, kwa kuwa kila apitaye huona maswali ya wenziwe yakiwa yamening'inia bila majibu.

2. Chifu wa Lanet Umoja

Mfano mmoja mashuhuri unatoka Kenya, katika lokesheni ya Lanet Umoja karibu na Nakuru. Chifu wa huko, marehemu Francis Kariuki, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa mwalimu kabla ya kushika kazi ya uchifu. Mnamo mwaka 2012 habari zake zilienea duniani kwa sababu ya jinsi alivyoutumia mtandao wa Twitter katika utawala wa kila siku. Usiku mmoja, mnamo saa kumi za alfajiri, alipigiwa simu kwamba wezi wameivamia nyumba ya mwalimu. Akaandika ujumbe mfupi. Baada ya dakika chache majirani walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba hiyo, na wezi wakatoroka. Kwa njia hiyo hiyo alitangaza kondoo aliyepotea na ng'ombe aliyeibwa. Ng'ombe yule alikutwa baadaye amefungwa kwenye nguzo, ametelekezwa.

Jambo la kuzingatia zaidi ni hesabu. Lokesheni hiyo ilikadiriwa kuwa na wakazi 28,000, na wengi wao walikuwa wakulima wadogo wasio na uwezo wa kununua simu za bei kubwa. Wakati ule ukurasa wa chifu ulikuwa na wafuasi wapatao 300 tu. Hata hivyo chifu mwenyewe alikadiria kwamba ujumbe wake uliwafikia maelfu. Sababu ni kwamba waliokuwa na simu duni waliupata kwa njia ya ujumbe mfupi wa maandishi, na waliokwisha kuupata waliwapelekea wenzao.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, idadi ya wafuasi haitoshi kupimia ufanisi wa ukurasa, kwa maana ujumbe unaowafaa watu husafiri wenyewe. Pili, chifu hakutangaza mambo ya mbali. Alisema juu ya nyumba ya fulani na kondoo wa fulani, na matokeo yakaonekana siku ile ile. Watu walimwamini kwa sababu kila ujumbe ulikuwa na mwisho wake.

3. Mji wa Jun

Mfano wa pili ni wa mji mdogo wa Jun, karibu na Granada nchini Hispania, wenye wakazi wapatao 3,500. Tangu mwaka 2011 meya wa wakati huo, José Antonio Rodríguez Salas, aliwahimiza wakazi kufungua kurasa za Twitter na kwenda katika ofisi ya mji ili zithibitishwe kuwa ni zao kweli. Watumishi wa mji nao wakafungua zao: polisi, fundi umeme, hata mfagiaji wa barabara.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Mkazi akiona taa ya barabarani haiwaki, aliandika. Meya alijibu mbele ya watu wote na kumtaja fundi anayehusika. Fundi akiisha kuitengeneza, alituma picha ya taa inayowaka. Hivyo shauri lilifunguliwa hadharani na kufungwa hadharani. Mkazi alimjua mtu aliyepewa kazi, na mtumishi mwenye bidii alishukuriwa kwa jina lake badala ya kazi yake kupotea katika jina la ofisi.

Katibu mzoefu atatambua mara moja kwamba picha ile ya taa ndiyo yatokanayo. Lakini hana budi kutambua pia kwamba njia hii ilifaa kwa sababu mji ulikuwa mdogo, na mkuu wake alikuwa tayari kujibu mwenyewe. Wizara yenye mamilioni ya watu haiwezi kumtegemea mtu mmoja. Yaipasa kuweka watumishi wa kutosha, wenye mamlaka ya kuzifikisha hoja katika idara zinazohusika na kurudi na majibu. Kijana aliyeajiriwa kubandika picha za ziara za viongozi, asiyeruhusiwa kujibu swali lolote, hawezi kuifanya kazi hiyo hata angekuwa hodari namna gani.

4. Katiba ya Aisilandi

Mifano miwili iliyotangulia inahusu huduma. Huu wa tatu unahusu jambo zito zaidi, yaani kutunga sheria. Baada ya mabenki ya Aisilandi kuanguka mwaka 2008, wananchi wa kisiwa hicho walidai katiba mpya. Mwaka 2011 Baraza la watu 25 lilikaa kuiandika. Baraza hilo halikujifungia. Kila sehemu ya rasimu ilipokuwa tayari ilitolewa hadharani, na wananchi walituma maoni yao kwa maelfu, mengine kwa barua na mengine kupitia Facebook. Wajumbe walijibizana nao na kurekebisha rasimu. Kazi ilikamilika mwezi wa Julai mwaka huo.

Tarehe 20 Oktoba 2012 wananchi waliulizwa kwa kura kama rasimu hiyo iwe msingi wa katiba mpya, na karibu theluthi mbili ya waliopiga kura walikubali. Hata hivyo kura hiyo ilikuwa ya ushauri tu. Mwaka 2013 Bunge lilimaliza muda wake bila kuipitisha rasimu.

Wataalamu wameisifu sana njia iliyotumika kukusanya maoni, na sifa hizo ni za haki. Lakini mwanaushirika atauliza kuhusu mwisho wa safari. Kukusanya maoni ni kazi moja, na kuyapeleka mahali penye mamlaka ya kuamua ni kazi ya pili. Kabla ya kuwaita wananchi waseme, serikali haina budi kuwaeleza waziwazi kama neno lao litaamua jambo au litakuwa ushauri tu. Ahadi ni deni, na mtu aliyeombwa maoni huhesabu kwamba ameahidiwa kitu.

5. Mlango unapofungwa, na unapofunguliwa kwa kuchelewa

Tarehe 1 Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa kila atumiaye mitandao kama Facebook, WhatsApp na Twitter. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwa vifurushi vya intaneti. Mwezi wa Januari mwaka huo huo, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilifungwa. Kodi kila serikali hutoza, na kila serikali husema ina sababu zake za kulinda usalama. Lakini chama kinachotoza kiingilio mlangoni mwa mkutano mkuu, na kuufunga ukumbi siku ya uchaguzi, hakiwezi tena kusema kwamba kimewasikia wanachama wote.

Nchini Kenya, mwaka 2024, vijana walitumia X na TikTok kuueleza Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, kwa lugha ambazo wazazi wao huzielewa. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2010 inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Pingamizi zilijaa mitandaoni kwa majuma mengi. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha muswada, waandamanaji wakaingia katika majengo yake, na watu wakapoteza maisha. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Tarehe 5 Julai aliongea na wananchi moja kwa moja katika mtandao wa X na kuulizwa maswali makali.

Mazungumzo hayo ya Julai yalikuwa halisi, kwani watu waliuliza na Rais akajibu. Swali ambalo kila mtawala hana budi kujiuliza ni hili: je, lau mazungumzo ya namna hiyo yangalifanyika mwezi mmoja kabla, kungalikuwa na makaburi mangapi pungufu? Kusikiliza mapema hakuna gharama kubwa. Kusikiliza baada ya msiba hulipiwa na wale ambao hawakusikilizwa.

6. Mambo ya kuzingatiwa na ofisi ya serikali

Kutokana na mifano hii, ofisi itakayo kuutumia mtandao kwa manufaa ya wananchi yafaa ifuate mambo haya:

(a) Itaje mtumishi au idara inayojibu, na muda ambao jibu litatolewa.

(b) Kila hoja ipewe namba na kuandikwa katika daftari, kama vile barua inavyoandikwa inapopokelewa. Hoja isiyoandikwa husahaulika.

(c) Itoe yatokanayo kila mwezi: hoja ngapi zimepokelewa, ngapi zimetekelezwa, ngapi zimekataliwa na kwa nini. Kukataa kwa sababu iliyoelezwa ni jibu la heshima. Kunyamaza si jibu.

(d) Isifute maneno ya wakosoaji kwa sababu tu ni machungu. Matusi na uchochezi vina sheria zake, lakini lawama si tusi.

(e) Isimtake mwananchi kuandika hadharani namba ya kitambulisho, ya simu au ya akaunti ya benki. Mambo hayo yashughulikiwe faraghani.

(f) Ikumbuke wasio na simu, wasiojua kusoma na wasio na fedha ya kifurushi. Mara nyingi hao ni wazee na akina mama wa vijijini. Mtandao uongezwe juu ya redio, baraza la kijiji na ubao, wala usichukue nafasi yake.

7. Wajibu wa katibu wa chama

Katibu ni daraja baina ya ukurasa wa serikali na mwanachama asiye na simu. Akisoma tangazo la mbolea ya ruzuku, kwanza athibitishe kwa afisa ushirika au ofisi ya kata kwamba limetoka serikalini kweli, kwa kuwa kurasa bandia ni nyingi, nazo huvaa nembo na picha za viongozi. Mkulima mmoja akituma fedha kwa tapeli, chama kizima kimepata hasara. Akiisha kuthibitisha, alibandike ofisini na kulisoma mkutanoni.

Kadhalika, hoja za wanachama zisipelekwe na kila mtu kwa hasira yake. Halmashauri izijadili, katibu aziandike kwa lugha fupi na ya adabu, kisha zipelekwe katika ukurasa wa ofisi inayohusika kwa jina la chama. Nakala na tarehe zihifadhiwe katika jalada. Jibu likija, lisomwe katika mkutano unaofuata. Lisipokuja, hilo nalo lisomwe, na mkutano uamue hatua ya pili.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya masomo

1. Tazameni ukurasa wa ofisi moja ya serikali inayohusu kilimo katika eneo lenu. Katika maswali kumi ya mwisho ya wananchi, mangapi yamejibiwa?

2. Ni wanachama wangapi wa chama chenu wasio na simu yenye intaneti? Habari huwafikiaje?

3. Je, chama chenu chenyewe hutoa yatokanayo kila mkutano? Kundi la WhatsApp la chama, kama lipo, ni mkutano au ni ubao?