Karata Isiyotimia: Somo la Uwezekano

Mwaka 1654 wanahisabati wawili wa Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya swali lililoonekana la kipuuzi: mchezo wa kamari ukikatizwa kabla ya kwisha, fedha zilizowekwa zigawanywe vipi? Barua hizo ziliweka msingi wa elimu ya uwezekano. Walimu wengine huona haya kuingiza karata darasani, na haya hiyo si ya bure. Lakini karata 52 zina sifa moja ambayo mvua ya Mlima Meru haina, nayo ni kwamba zinahesabika. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inawakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari, kwa hiyo dau la darasani liwe punje za maharage, kitu ambacho Arusha hakikosekani.

Mchezo unaofaa ni poka yenye kikomo, yaani ile ambayo kiasi cha kila dau kimewekwa na kanuni na hakuna awezaye kumtisha mwenzake kwa kumwaga mali yote mezani. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa zamu, nazo ni za wote.

Tuseme mwanafunzi ameshika kopa ya 9 na kopa ya 4. Mezani zimekwisha kufunuliwa kopa ya 10, kopa ya 2, uru ya 5 na pau ya 7. Imebaki moja. Ana kopa nne. Akipata ya tano, huenda akashinda, na asipoipata mkono wake hauna thamani. Katika kitita mna punje 50, mpinzani ameongeza 10, na ili kuendelea naye atoe 10. Je, atoe?

Karata anazoziona ni sita, asizoziona ni 46. Kopa ni 13, nne zimeonekana, zimebaki 9. Basi katika nafasi 46 anashinda 9 na kushindwa 37. Akishinda hupata punje 60, akishindwa hupoteza 10. Mara 9 kwa 60 ni 540. Mara 37 kwa 10 ni 370. Ziada ni 170, na ikigawanywa kwa 46 ni karibu punje 3.7 kwa kila mchezo. Atoe.

Sasa mwalimu abadili swali: mwanafunzi angekuwa anangoja karata 4 tu. Mara 4 kwa 60 ni 240, na mara 42 kwa 10 ni 420. Aziache karata zake. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa kudai kwamba “nimekwisha kuweka punje nyingi, siwezi kuziacha.” Punje zilizomo katika kitita si zake tena. Zinahesabiwa kama mali ya kugombewa, wala hazihesabiwi kama gharama ya uamuzi wa sasa.

Hesabu ya kwanza nayo ina ufa. Ikiwa mpinzani ameficha 10 mbili, basi kopa ya 5 au kopa ya 7 itafanya jozi mezani, naye atakuwa na 10 tatu pamoja na jozi hiyo, mkono unaozishinda kopa tano. Nafasi njema ni 7, si 9. Mara 7 kwa 60 ni 420, mara 39 kwa 10 ni 390: faida imebaki kama uzi.

Tena yupo mwenye punje 50 tu. Hata kama nafasi zote 9 ni njema, uwezekano wa kukosa mara tano mfululizo ni 37/46 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, yaani kama 34 katika 100. Mtu mmoja katika watatu atafilisika akiwa amekokotoa sawasawa.

Hilo mkulima wa Oldonyo Sambu au Ngarenanyuki, ambako mlima huzuia mvua, hulijua bila karata. Wenzake wa miteremko ya kusini wana mifereji. Yeye amepanda mahindi mwezi Machi, mvua imekatika Aprili, na palizi inadai fedha. Mbegu iliyokwisha kuoza ardhini haimo katika hesabu. Iliyomo ni gharama ya palizi, thamani ya mavuno, na uwezekano wa mvua kurudi. Huo wa tatu haumo katika kasha la karata. Anayeutaka huutafuta katika daftari la mvua la miaka mingi, nalo darasa lolote lenye kipimo cha mvua laweza kulianza masika haya.