Askari wa Mwili Nao Wanakula



Hapa kwetu Kansay, wilayani Karatu, tunalima mahindi na maharage, na tunafuga ng'ombe. Hata hivyo, mtoto akiugua, wapo wazazi wanaompa uji mtupu peke yake, wakidhani wanalipumzisha tumbo. Somo la leo litaeleza kwa nini desturi hiyo ni ya hatari.

Ndani ya damu mna chembechembe nyeupe. Hizo ni askari wa mwili. Nguvu zao hutegemea sana protini, yaani vyakula vya kujenga mwili: maharage, maziwa, mayai na nyama.

Protini ni kama mnyororo wenye pete nyingi. Tukila, tumbo na utumbo huukata mnyororo huo. Vipande vifupi huitwa peptidi, na pete moja moja huitwa asidi amino. Protini za miili yetu hujengwa kwa aina 20 za asidi amino.

Vipande hivyo havipenyi ovyo. Kila chembe hai ina utando, na kwenye utando mna wapagazi. Kila mpagazi ana mzigo wake. Katika utumbo mdogo, wapo wanaopitisha peptidi za pete mbili au tatu, na wapo wanaopitisha asidi amino. Kisha damu huzisambaza mwilini.

Askari aliyetulia hahitaji chakula kingi. Lakini akimtambua adui huongeza wapagazi kwenye utando wake, avute asidi amino kwa wingi, kwani sharti agawanyike na kuwa jeshi. Zikipungua, jeshi haliongezeki ipasavyo.

Je, adui aliyejificha ndani ya chembe, kama kirusi cha surua, hutambuliwaje? Chembe iliyovamiwa hukatakata protini za kirusi. Wapagazi wa ndani huzibeba peptidi hizo hadi chumba maalumu, zikashikizwa kwenye kishikio na kutokezwa nje ya utando. Ni kama mwenye nyumba kutundika kofia ya mwizi dirishani. Askari akiiona, huiua chembe hiyo ili kirusi kisizidi kuzaana.

Basi tufanye nini?

1. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, kisha aongezewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

2. Tuchanganye vyakula. Mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, na maharage yana lisini nyingi. Ndiyo maana makande ni chakula bora. Kwa mtoto mdogo yapikwe yalainike, kisha yapondwe.

3. Mgonjwa alishwe kidogo kidogo, mara nyingi. Asinyimwe maharage wala maziwa.

4. Chakula hakichukui nafasi ya chanjo. Mtoto achanjwe surua akiwa na miezi 9, tena akiwa na miezi 18. Chanjo huwafundisha askari alama za adui kabla hajafika.

5. Mtoto akivimba miguu yote miwili, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini askari wa mwili huongeza wapagazi wakati wa ugonjwa?
2. Nyumbani kwako, mtoto mgonjwa hupewa chakula gani? Utaongeza nini?