MVUA YA JULAI NA HESABU YA MIAKA MINGI
Maelezo kwa Wakulima wa Kasekese

Kila mkulima wa Kasekese ajua ya kuwa nchi ya Katavi ina msimu mmoja tu wa mvua, uanzao karibu na Novemba na kukoma Aprili au mwanzo wa Mei. Mwezi wa Julai umo katikati ya kipupwe. Wakati huo jua liko upande wa kaskazini, na mvua imelifuata huko. Kwetu huvuma upepo mkavu wa kusini-mashariki. Na kwa kuwa usiku hauna mawingu, joto la ardhi hupotea upesi, na baridi huteremkia mabondeni.

Hata hivyo, pengine manyunyu huanguka Julai. Mkulima asiseme, "Mwaka huu mvua imewahi," akatia mbegu. Kwanza yampasa kuulinganisha mwezi huo na miaka mingi. Desturi ya wapimaji wa hali ya hewa ni kutumia wastani wa miaka 30, na miaka itumikayo sasa ni 1991 hadi 2020.

Tena aifahamu hesabu yenyewe. Tuseme wastani wa Julai ni milimita 1, na mwaka huu zimeanguka milimita 10. Ni mara kumi ya kawaida, lakini ni lita 10 tu kwa kila mita ya mraba. Jua na upepo huyakausha maji hayo kwa siku chache. Mbegu itaota, kisha itakufa, kwa maana mvua ya kweli ingali mbali zaidi ya miezi mitatu.

Basi yafaa kufanya hivi:

1. Mvua ya Julai isikupandishe mbegu, ikukumbushe mavuno. Mahindi na karanga zilizoanikwa nje zifunikwe au ziingizwe ndani mara moja, kisha zianikwe tena, zisipate ukungu wenye sumu.

2. Weka mahali pa wazi kopo lenye mdomo na kitako vya upana mmoja. Kila siku saa tatu asubuhi pima kina cha maji kwa rula, andika katika daftari, kisha uyamwage.

3. Ifikapo Novemba, chimba kwanza. Udongo ukiwa umelowa kina cha shubiri, na mvua ikiendelea, ndipo upande.

Daftari hilo litunzwe, warithi watoto. Mwaka mmoja huweza kudanganya. Miaka mingi ni shahidi wa kutegemewa.