Rangi ya Rozela

Jumapili asubuhi, barazani Mbagala. Mjomba, aliyewahi kuzamia samaki wa mapambo Kigoma, anakunywa chai. Mpwa anaingia na chupa ya maji mkononi.

MPWA: Shikamoo, Mjomba.

MJOMBA: Marahaba. Mbona umetoka na maji kwako? Hapa hatujaishiwa.

MPWA: Ni ya tangi la samaki. Wale gapi wamepauka, wanajikunyata pembeni, na kioo kinaota ukijani kila baada ya siku tatu. Nimepima nitrati, ikatoka 80.

MJOMBA: Ulitikisa ile chupa ya pili ya dawa?

MPWA: Kidogo.

MJOMBA: Kidogo haitoshi. Dawa ile hutuama chini. Usipoitikisa kwa nguvu sekunde 30, kipimo kinakudanganya, na mara nyingi kinadanganya kwa kupunguza. Vipimo umekuja navyo? Lete. Tikisa. Endelea, usinionee haya. Sasa dondosha matone, tikisa kijibomba dakika nzima, kisha tusubiri dakika 5.

(Maji yanaanza njano, yanageuka rangi ya chungwa, yanaishia wekundu wa juisi ya rozela.)

MPWA: Ni 80 ileile.

MJOMBA: Au 160. Wekundu huo na ule hautofautiani sana machoni. Chukua kipimo kimoja cha maji ya tangi, changanya na kimoja cha maji ya mvua, pima tena, kisha jibu lizidishe mara mbili. Amonia na nitriti je?

MPWA: Zote sifuri.

MJOMBA: Basi bakteria wako wazima. Kinyesi na chakula kilichooza hutoa amonia, bakteria wanaigeuza nitriti, wengine wanaigeuza nitrati. Hapo kazi imeisha, ila nitrati haina pa kwenda. Haipeperuki, na filta ya kawaida haiishiki. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, samaki akinya humo nani atajua? Tangi lako lita ngapi?

MPWA: 120. Lakini Mjomba, mimi si mvivu. Tangu mwezi uliopita natoa nusu ya maji kila Jumamosi. Ilikuwa inasoma 80, na bado inasoma 80!

MJOMBA: Unajazia maji gani?

MPWA: Ya kisima chetu pale nyumbani.

MJOMBA: Umeyapima?

MPWA: Yale ni masafi, Mjomba. Yanang'aa.

MJOMBA: Nitrati haina rangi wala harufu. Choo chenu kiko wapi?

MPWA: Cha shimo. Nyuma ya… (ananyamaza) Chupa ya maji ya kisima ninayo kwenye begi.

(Dakika 5 nyingine. Rangi inasimama kwenye 40.)

MJOMBA: Umeona? Ukitoa nusu, 80 na 40 zinakutana kwenye 60. Nusu tena, 50. Hata ukibadilisha kila siku, chini ya 40 hufiki, maana nitrati unaimimina kwa ndoo. Halafu ndani ya wiki samaki na chakula wanairudisha juu. Kwa siku unalisha mara ngapi?

MPWA: Asubuhi, mchana, na jioni watoto wanawaongezea.

MJOMBA: Iwe mara moja, kiasi cha kumalizwa kwa dakika 2. Siku moja kwa wiki usiwape kitu, hawafi. Na ile chokaa nyeupe kwenye ukingo wa kioo?

MPWA: Ni pale maji yanapopungua kwa joto, najazia.

MJOMBA: Kinachopaa ni maji matupu. Nitrati inabaki, na wewe unaongeza nyingine juu yake. Kinga mvua, lakini ziache za kwanza zioshe paa. Changanya nusu kwa nusu na ya kisima, maana mvua peke yake haina madini ya kutosha kwa gapi. Hapo unaingiza kama 20. Toa robo tu, kila baada ya siku mbili. Samaki aliyezoea maji mabaya ukimbadilishia yote kwa mpigo unaweza kumuua, na nimeshawaua wengi hivyo kabla sijajifunza. Mpira wa kunyonyea uchomeke kwenye changarawe, uchafu umelala humo. Sponji ya filta isuuze kwenye maji uliyoyatoa tangini, si ya bomba yenye klorini, usije ukawaua bakteria.

MPWA: Na mimea?

MJOMBA: Ule wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo, uliopo sebuleni kwa mama yako. Kata vipande vitatu, mizizi izame, majani yabaki nje. Unakula nitrati vizuri. Ila gugu maji usilifikirie, hata kama linaila zaidi. Ziwa Victoria lilishatufundisha.

MPWA: Nimeelewa. Nikitoka hapa naanza na robo.

MJOMBA: Subiri. Mtoto wenu ana miezi mingapi?

MPWA: Minne.

MJOMBA: Maziwa ya chupa anakorogewa kwa maji gani?

MPWA: Ya kisima. Lakini tunayachemsha sana, Mjomba.

MJOMBA: Kuchemsha kunaua vijidudu. Nitrati haitoki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya vichanga kama huyo, na ninyi mko 40 kabla hamjawasha jiko. Simu unayo?

MPWA: Ninayo.

MJOMBA: Mpigie mkeo kwanza. Samaki watasubiri.