Minyoo Bapa wa Ini: Wanakopatikana na Namna ya Kujikinga

Kichocho si maradhi mageni kwa wakaazi wa Kengeja. Kati ya mwaka 2012 na 2016, wananchi wa Unguja na Pemba walipatiwa dawa ya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia konokono wa maji baridi waliangamizwa na elimu ikatolewa skuli. Kichocho kilipungua sana. Hata hivyo, yapo maradhi mengine yanayopitia kwa konokono ambayo dawa hiyo haiyaponyeshi yote. Kichocho huingia mwilini kupitia ngozi iliyogusa maji. Maradhi haya huingia kupitia kinywa. Hayo ni maradhi ya minyoo bapa wa ini.

Safari ya mnyoo

Mnyoo anayepatikana zaidi Afrika ni fasiola, mwenye umbo la jani, anayeishi katika mirija ya nyongo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mnyama. Kinyesi kikifika majini, mayai huanguliwa, na viluwiluwi huingia ndani ya konokono. Konokono huyu si yule wa kichocho, lakini naye hupenda maji yaliyotulia. Baadaye viluwiluwi humtoka, hujibandika kwenye majani yaliyomo majini na kujifunika ganda gumu. Mnyama au mtu akila majani hayo mabichi, au akinywa maji yenye viluwiluwi hivyo, mnyoo mchanga hupenya utumbo, huchimba ini na kutulia katika mirija ya nyongo.

Wanakopatikana

Kuna minyoo ya ini ya aina mbalimbali, na kila aina hufuata konokono wake na mila za ulaji za watu wa pahala hapo. Nchini China, Korea, Thailand, Laos na Vietnam, watu huambukizwa kwa kula samaki wa mito na maziwa wasioiva. Maambukizi hayo yakidumu miaka mingi huweza kuleta saratani ya mirija ya nyongo. Samaki wa baharini wanaovuliwa Pemba si njia ya maradhi hayo.

Fasiola ameenea zaidi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wasiopungua milioni 2.4 wameambukizwa katika nchi zaidi ya 70. Nyanda za juu za Bolivia ndizo zilizoathirika zaidi, na Misri nayo imewahi kuwatibu watoto wa skuli kwa wingi. Nchini Tanzania, fasiola hukutwa mara kwa mara katika maini ya ng'ombe machinjioni, na mwaka 2015 watafiti walichapisha taarifa ya watu walioambukizwa katika Mkoa wa Arusha.

Mambo yanayoongeza hatari

Hatari huwapo pale mambo matatu yanapokutana: mifugo, maji baridi yaliyotulia, na kula au kunywa kisichopitishwa motoni. Bonde la mpunga au kisima cha wazi kinachotumiwa na ng'ombe pamoja na watu hukusanya mawili ya mwanzo. La tatu lipo mikononi mwa kila kaya. Mboga zilizomwagiliwa kwa maji ya bonde na kuliwa mbichi ni hatari hata zikioshwa, kwa kuwa viluwiluwi hushikamana na jani. Mchicha na matembele yaliyopikwa yakaiva hayana hofu hiyo.

Dalili na tiba

Mwanzoni mgonjwa huweza kupata homa, kichefuchefu na maumivu ya tumbo upande wa kulia. Baadaye mirija ya nyongo huvimba au kuziba, na macho kugeuka manjano. Wengine hukaa muda mrefu bila ya dalili. Tiba ya fasiola ni triklabendazoli. Kwa hiyo, aliyemeza dawa za kichocho asidhani kuwa amekwisha kujikinga na fasiola. Akiwa na dalili hizo afike kituo cha afya, na amueleze daktari maji anayokunywa na mboga anazokula.

Wajibu wa kila kaya

Maji ya kunywa kutoka kisima cha wazi au bondeni yachemshwe. Majani yaotayo majini yasiliwe mabichi. Mboga za kuliwa mbichi zimwagiliwe kwa maji safi. Ng'ombe wanyweshwe mbali na visima vya watu, na kinyesi chao kisitupwe mabondeni wala kwenye mitaro. Wafugaji wawaone maofisa wa mifugo ili wanyama wao wapatiwe dawa. Ini lenye minyoo lisiuzwe, bali liharibiwe, na mwenye mnyama ajulishwe, kwani ini hilo ni ushahidi kwamba malisho aliyotoka mnyama huyo, na pengine maji wanayoyatumia watu wa hapo, yana maambukizi.